Kalibu Ina Namba Yake

Jumatatu, 5 Julai 1976. Kasulu

Nimefika jana na lori la Omary, nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu kwa vumbi la njia ya Kibondo. Rafiki yangu Kezia alinipokea kwa kicheko. Alisema nikisimama kwenye ukuta wa matofali sitaonekana.

Leo mstarini Mwalimu Mkuu, Mwalimu Tharsisi, ametoa tangazo linalotuhusu sisi wasichana wa mbali. Tunalala katika darasa la zamani nyuma ya jiko. Paa lake ni nyasi zilizooza, na mvua zilizopita tuliamka tukiwa na vyura. Amesema mvua haitatukuta humo tena. Msingi wa bweni jipya la matofali umekwisha jengwa, bati zimekwisha letwa, na vijiji vimekubali kuchangia matofali. Bweni likiezekwa kabla ya mvua, tutahamia. Lisipoezekwa, wasichana wa mbali watarudi makwao hadi Januari.

Nilipomuaga Baba kule Busunzu aliniambia neno moja: "Ukirudishwa, umerudi." Baba si mkali, ila maneno yake hayana mlango wa nyuma.

Jumanne, 6 Julai

Baridi. Uji umeungua.

Ijumaa, 9 Julai

Tuna mwalimu mpya wa hesabu, Mwalimu Abdulrahmani. Ametoka Tanga na anavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Leo baada ya masomo ameanzisha Chama cha Mashine. Alipokuwa Chuo Kikuu aliiona kompyuta kwa macho yake. Anasema ni kubwa kama makabati ya sakristia yakipangwa pamoja, nayo hutii maagizo yaliyoandikwa, hata yakiwa ya kijinga.

"Hatuna mashine," alisema, "lakini tuna watu. Mashine ya watu haihitaji umeme. Inahitaji uji."

Mmoja anasoma agizo, wengine wanabeba vikaratasi kutoka kiti hadi kiti kama mashine inavyobeba namba. Mimi nilibeba namba saba. Sikuangusha kitu wala sikusema neno. Ilikuwa siku nzuri.

Ijumaa, 16 Julai

Mwalimu ameandika ubaoni kwa herufi kubwa:

SAFU YA ______, ______

Akasema kabla mashine haijaanza, kila kitu lazima kijulikane ni cha aina gani. Hii ni aina yenye nafasi mbili tupu. Nafasi ya kwanza inajazwa aina nyingine: majina, namba, maandazi. Nafasi ya pili inajazwa namba yenyewe. Kwa hiyo safu ya maandazi, 4, ni aina moja, na safu ya maandazi, 5, ni aina nyingine kabisa.

Ildefonce alinyoosha mkono. Ildefonce ni wa kidato cha tatu, na akinyoosha mkono hunyoosha na shingo. "Mwalimu, maandazi ni maandazi. Idadi si unahesabu tu ukifika?"

"Ukifika umechelewa," alisema Mwalimu.

Akatoa maandazi manne kwenye bahasha, akaita watu watano, Ildefonce wa mwisho, akasoma agizo: kila mtu achukue moja. Kezia alikuwa wa kwanza, na alikwisha kumeza kabla agizo halijafika kwa wa tatu. Ildefonce alifika akakuta bahasha tupu.

"Hesabu sasa," Mwalimu akamwambia.

Tulicheka hadi mpishi akaja kuchungulia. Hata Ildefonce alicheka, lakini baadaye kidogo.

Nimelifikiria jambo hili wakati wa kuchota maji. Nilidhani namba ni kitu unachokikuta ndani ya kapu baada ya kulifungua. Sikujua inaweza kuwa sehemu ya jina la kapu.

Jumapili, 18 Julai

Misa. Upepo. Nimefua.

Ijumaa, 23 Julai

Leo ametuonyesha jambo zuri kuliko yote. Aliandika agizo la kugawa maandazi, lakini mahali pa namba akaweka herufi n:

Gawa safu ya maandazi, n, kwa safu ya watu, n.

"Mwalimu, n ni ngapi?" aliuliza Kezia.

"Sijui."

"Sasa tutagawaje?"

"Sijali ni ngapi. Ninachojali ni kwamba n ya huku na n ya kule ni ileile. Wakiwa wawili, agizo ni hili. Wakiwa mia, ni hilihili. Nimeandika mara moja, nimemaliza kazi ya siku zote."

Kezia alisema huo ndio uvivu wa kisomi. Mwalimu akasema, "Ehee! Umeelewa."

Mtu anaweza kuandika kitu kisicho na namba, lakini kinachodai namba. Nimeinakili sentensi hiyo mara mbili.

Ijumaa, 30 Julai

Leo nimeaibika.

Mwalimu amesema mashine inahitaji mkaguzi wa kusimama mlangoni. Kabla agizo halijaingia, mkaguzi anatazama lebo tu, hatazami vitu. Aina zikikubaliana, anakaa kimya. Zisipokubaliana, ananyanyua fimbo, na hakuna anayeingia. Akanichagua mimi. "Maximilla hasemi sana," alisema, "na kazi hii haitaki maneno."

Maagizo matatu yalipita vizuri. La nne lilikuwa la Ildefonce. Lebo moja ilisema ndoo, 5, nyingine watu, 6. Niliona. Niliona vizuri kabisa. Lakini Ildefonce alikuja mbio, akasema, "Pisha, dada, hili ni sahihi, nimelipiga hesabu mara tatu," na fimbo ikawa nzito kama mchi. Nikampisha. Ndoo za maji zikazunguka, mtu wa sita akapokea hewa, wa tano akadhani bado anadaiwa, akairudisha yake, na maji yote yakaishia kwenye viatu vya Mwalimu.

"Hukuona?" Mwalimu aliniuliza, akikamua soksi.

"Niliona, Mwalimu."

"Sasa mbona fimbo iko chini?"

Kwetu mtoto hamwambii mkubwa hapana. Anasema ndiyo, kisha anachelewa.

Alinitazama, akasema kwa upole, "Fimbo haimtukani mtu, Maximilla. Inamwokolea safari."

Jumatano, 4 Agosti

Moshi wa nyika zinazoungua umefunika vilima vya Burundi. Jua ni jekundu kama pilipili. Hakuna hata wingu.

Jumamosi, 14 Agosti

Matofali yamekuja! Yameanza kufika tangu Jumatano, kwa malori, kwa baiskeli, na mengine vichwani mwa akina mama wakiimba. Kila kijiji kiliweka rundo lake. Marundo sita kwenye uwanja wa mpira.

Fundi wetu ni Fundi Nsengimana, aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na mwiko mmoja wa uashi na watoto wanne. Ana sauti ya kanisani na hujisifu hadi unampenda. Alipita katikati ya marundo akigonga tofali moja baada ya jingine kwa kucha. "Yampaye inka!" alisema. Ni kiapo cha kwao, anamtaja aliyempa ng'ombe. "Haya yameiva. Haya yanalia kama kengele."

Hapo ndipo akina mama walipoanza kutaniana, kijiji gani kimeleta rundo kubwa. Utani ukawa mkali kidogo. Mwalimu Mkuu hapendi mashindano ya namna hiyo. Alipanda juu ya rundo moja, akavua kofia.

"Ndugu zangu! Leo hapa sioni tofali la Buhigwe. Sioni tofali la Busunzu. Tofali ni tofali! Naona tofali la shule! Wanafunzi, changanyeni!"

Tukachanganya. Tulibeba kutoka rundo hadi rundo tukiimba, na akina mama wakapiga vigelegele na makofi, na ndani ya saa mbili kulikuwa na kilima kimoja. Mzee mmoja alifuta machozi. Mimi pia nilikaribia kulia, maana kwetu mchango haupimwi. Ukipima cha mwenzako, umemwaibisha.

Nilipokuwa nabeba, niliweka tofali moja juu ya jingine nikaona la juu limechomoza ncha ya kidole. Nilidhani sikulipanga vizuri.

Jumapili, 15 Agosti

Bikira Maria Kupalizwa. Tumekula wali.

Jumatatu, 23 Agosti

Ukuta umeanza. Wasichana wote tunasogeza matofali baada ya masomo. Nimehesabu kozi nne, yaani mistari minne ya matofali. Kezia amekwisha chagua kitanda chake, chini ya dirisha ambalo bado ni hewa.

Alhamisi, 2 Septemba

Kozi ya tisa. Fundi hasemi sana leo. Anakata matofali kwa panga, kisha anaguna.

Jumamosi, 4 Septemba

Ukuta umetoa tumbo.

Kezia ndiye aliyesema kwanza. Tulikuwa tumesimama upande wa jiko, akainamisha kichwa, akasema, "Maxi, ukuta ule una mimba." Nilimziba mdomo, lakini Fundi alikuwa amesikia. Akashusha timazi lake kutoka juu. Uzi ulining'inia mbali na ukuta chini na kuugusa katikati. Akalitazama lile jiwe likiyumba hadi likatulia. Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

"Mwiko wangu haujawahi kukataa tofali," alisema. "Labda ingefaa ukatae."

Mwalimu Mkuu na Mwalimu Abdulrahmani waliitwa. Fundi akachukua matofali mawili akayaweka sambamba. Moja refu, moja fupi. Akaeleza kwamba kila kijiji kina kalibu yake, kisanduku cha mbao cha kufyatulia matofali. Kalibu nyingine imepigwa misumari kwa inchi tisa, nyingine kwa inchi kumi. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba hazilingani, akadhani atayasawazisha matofali kwa panga na udongo mwingi. Lakini kiungo kinatakiwa kikae katikati ya tofali la chini, na baada ya kozi chache viungo vilipotea njia. Kulikuwa na mahali ambapo ufa ungeweza kupanda kama ngazi kutoka chini hadi juu.

"Mbona hukusema siku ile, Fundi?" aliuliza Mkuu.

"Mzee, ulikuwa umevua kofia," alijibu Fundi. "Na watu walikuwa wanalia."

Mkuu alishika kichwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia, "Bomoeni."

Usiku wa leo hakuna anayechagua kitanda.

Jumapili, 5 Septemba

Nimeomba. Nimewaza pia, kanisani, Mungu anisamehe.

Kalibu ni ile aina yenye nafasi mbili! Kalibu ya udongo, inchi tisa. Kalibu ya udongo, inchi kumi. Namba imepigiliwa misumari ndani yake kabla udongo haujaingia. Tofali halina namba iliyoandikwa usoni, lakini haliwezi kuikimbia, kwa kuwa limezaliwa nayo. Marundo yalipokuwa sita, kila rundo lilikuwa lebo. Tulipochanganya hatukuharibu hata tofali moja. Tulifuta lebo.

Na sasa tunahesabu tukiwa tumefika.

Jumatatu, 6 Septemba

Nimemwambia Kezia. Kezia amemwambia kila mtu, akiwemo Mwalimu Abdulrahmani, ambaye aliniita mbele ya ubao. Nilisema yote nikitazama chaki. Alivua sweta moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda mbio kwa Mkuu.

Jumatano, 8 Septemba

Chama cha Mashine kimepewa uwanja.

Ildefonce ametengeneza mlango wa mbao wenye vigingi viwili. Tofali la inchi tisa linapita katikati, la kumi linagoma. Wavulana wanaleta, mimi nakaa mlangoni na fimbo, Kezia anapokea. Linalopita linakwenda kushoto. Linalogoma, nanyanyua fimbo, linakwenda kulia. Hatuulizi limetoka kijiji gani.

Mama mmoja kutoka Buhigwe alisimama akitazama, mikono kiunoni. "Wewe mtoto, tofali letu lina kasoro gani mpaka linyanyuliwe fimbo?"

"Shikamoo, Mama. Halina kasoro."

"Marahaba. Sasa mbona unalifukuza?"

"Silifukuzi, Mama. Hakuna tofali baya hapa. Kuna la huku na la kule."

Alifikiria. "Na letu ni la wapi?"

"La kule. La kumi hugoma."

Akacheka, akavua kanga ya pili akajifunga, akaanza kubeba naye. Ni mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya na mgeni mwaka huu.

Jumamosi, 11 Septemba

Tumemaliza. Rundo la kumi ni kubwa zaidi. La tisa halitoshi kuta nne.

Na hapo tatizo la pili. Mchoro wa Fundi, alioupiga kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, wote ni wa tisa. Dirisha inchi thelathini na sita. Nguzo ya katikati inchi arobaini na tano. Kila mahali tisa imejificha ndani. "Kuuchora upya ni wiki nzima," alisema, "na nitakosea mahali, na nitajua wakati wa kuezeka." Juu ya Burundi kuna wingu moja dogo, jeupe, kama pamba iliyosahauliwa. La kwanza tangu Mei.

Mwalimu Abdulrahmani alinitazama tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Nikauomba mchoro.

Jumapili, 12 Septemba

Nimefanya tangu Misa hadi kengele ya chakula cha jioni. Popote Fundi alipoandika thelathini na sita nimeandika 4n. Arobaini na tano imekuwa 5n. Ilikuwa kama kupepeta mchele. Namba zilibaki pembeni na umbo likabaki peke yake.

Nilikwama kwa urefu wa nyumba. Inchi mia tatu na sitini. Nikaandika 40n, nikafurahi, nikampelekea Mwalimu. Alitazama akauliza swali moja: "Na bati zinaijua n?"

Nilisimama pale kama mbuzi. Bati haziijui. Bati zimekatwa tayari. Msingi nao umekwisha jengwa. Tofali likiwa refu, nyumba haitakiwi kurefuka nalo. Kwa hiyo urefu unabaki mia tatu na sitini, na kinachobadilika ni idadi ya matofali katika kozi: mia tatu na sitini gawa kwa n. Kwa tisa ni arobaini. Kwa kumi ni thelathini na sita. Upana ni mia na themanini, nao unagawanyika vivyo hivyo. Hakuna baki!

"Na ingekuwa kalibu ya kumi na moja?" aliuliza.

Nikagawa. Ilibaki nane. "Fimbo juu, Mwalimu."

"Lini?"

"Kabla ya kuweka tofali la kwanza."

Alisema maneno ya Kitanga ambayo sikuyaelewa, lakini nadhani yalikuwa mazuri.

Jumatatu, 13 Septemba

Fundi alishika mchoro wangu chini juu, kisha juu chini. "Hii n ni nini, binti?"

"Ni nafasi, Fundi. Weka kumi kila mahali."

"Na stoo ya jiko? Mkuu anataka stoo kwa haya ya tisa."

"Mchoro huuhuu. Weka tisa. Ila urefu ukate nusu."

Alipitisha kidole kwenye kila n. Kisha akanguruma hadi wapishi wakatoka: "Kumbe nimekuwa nikichora nyumba moja maisha yangu yote!" Sasa anawaambia watu kwamba n aliijua tangu Bujumbura.

Jumamosi, 18 Septemba

Kozi ya saba. Timazi limetulia. Mawingu matatu.

Ijumaa, 24 Septemba

Ngurumo mbali. Tunafanya kazi hadi mikono haifungi. Ildefonce anabeba matofali manane kwa mara moja na anataka yahesabiwe. Nilimdhania mtu wa kelele tu. Leo nimemwona amechana shati lake akamfunga mtoto wa Fundi kidole kilichobanwa, akanikataza nisimwambie mtu.

Jumatano, 29 Septemba

Manyunyu usiku. Tulifunika kuta kwa majani ya migomba. Wasichana wawili walilia. Sanduku langu bado sijalifunga, ila nimekunja kanga na kuziweka juu yake.

Jumatatu, 4 Oktoba

Kuta zimefika juu, zimebaki nafasi za tofali moja moja katika kila ukuta, ya ukuta wa mbele ikiwa juu ya mlango. Mkuu ameagiza ziachwe kwa ajili ya sherehe Jumamosi. Stoo nayo inapanda.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimetulia sasa, nitaandika yote.

Vijiji vyote sita vilikuja, na ngoma, na mbingu ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Chama cha Mashine kilipewa heshima: kila tofali la mwisho la kila ukuta lilipitishwa kwenye mlango wetu wa vigingi watu waone. Nilikaa pale na fimbo yangu. Akina mama walikwisha kujifunza mchezo wenyewe. Tofali likigoma wanaitikia, "La kule!" nalo linapelekwa ukutani.

Kisha Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kwake amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Akakifungua polepole. Lilikuwa tofali. Alisema limefyatuliwa na mama yake mzazi, mwenye miaka zaidi ya sabini, kwa mikono yake, kule Buhigwe, kwa ajili ya watoto wa kike wa shule hii. Yeye mwenyewe ataliweka juu ya mlango. Watu walipiga makofi yale ya kikwetu, ya taratibu, ya heshima. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi mbele kwenye kiti, mdogo kama ndege.

Mkuu akaja kwangu. "Mkaguzi," alisema akitabasamu, "tupitishe."

Akaliweka kati ya vigingi. Likapita kama maji.

Tisa. Na ukuta ni wa kumi.

Ngoma zilikuwa zimesimama. Niliona Kezia ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilijua nikikaa kimya tofali litawekwa, Fundi atajaza udongo, na huenda lisianguke kamwe. Huenda. Lakini chini ya mlango ule tutapita kila siku, na vichwa vyetu.

Nikasikia, *inamwokolea safari*.

Fimbo ikapanda. Sikuamini kama ni mkono wangu.

Mkuu alitazama fimbo. "Maximilla. Limepita."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu." Sauti ilitoka ndogo, nikaanza tena. "Limepita, kwa hiyo ni la inchi tisa. Ukuta huu ni wa kumi. Naomba radhi, Mwalimu. Si la ukuta huu."

Shingo ya Mkuu ilikuwa inabadilika rangi. Mara sauti nyembamba ikatoka mbele. Yule Bibi alikuwa amemvuta Mwalimu Abdulrahmani pindo la koti, akiuliza kwa Kiha binti anasema nini. Mwalimu wa Tanga hajui Kiha hata cha kuombea chumvi, kwa hiyo Fundi ndiye aliyetafsiri, kwa sauti ya kanisani, uwanja mzima ukasikia.

Bibi alicheka. Alisema jambo, na Waha wote wakaangua kicheko, kisha Mkuu mwenyewe akaanza kucheka akishika tumbo. Bibi alikuwa amesema: "Mwanangu, nilikwambia kalibu ya baba yako ni ndogo. Ukasema tofali ni tofali."

Mkuu akavua kofia tena. "Ndugu zangu," alisema, "mwezi wa nane nilisimama hapa nikasema tofali ni tofali. Mama yangu amenisahihisha, na mtoto wa kidato cha pili amenisahihisha, siku moja. Sasa mkaguzi, niambie. Tofali la mama yangu ni la wapi?"

"La stoo ya jiko, Mwalimu Mkuu. Juu ya mlango. Pale kuna nafasi yake kamili."

"Kwenye chakula!" alipiga kelele Bibi baada ya kutafsiriwa. "Hapo ndipo pangu!"

Akanyanyuliwa pamoja na kiti chake hadi jikoni, ngoma mbele, wapishi wakirusha vifuniko vya sufuria. Tofali likaingia bila panga. Juu ya mlango wa bweni Fundi aliweka tofali la kumi la rundo, lisilojulikana limefyatuliwa na nani. Ildefonce alininong'oneza, "Dada, siku ile ya ndoo. Ungenyanyua tu." Nikamwambia najua.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wanaezeka. Bati zimetosha hadi ukingoni. Haziijui n, lakini zimekaa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Bati la mwisho limepigiliwa saa nane mchana. Saa tisa mvua imekuja kutoka Burundi ikitembea wima kama jeshi. Tulikimbia na magodoro vichwani. Sasa tuko ndani wote, kelele juu ya bati hairuhusu kusikilizana, na Kezia anacheza peke yake katikati ya chumba kwa sababu hakuna hata tone. Kule darasa la zamani vyura wamekwisha hamia.

Jumapili, 24 Oktoba

Omary amefika na lori, matope hadi madirishani. Amenikuta nje ya kanisa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako anakusalimu. Amesikia habari."

"Habari gani?"

"Zote. Barabara ya Kibondo haina siri. Kijiji kinataka kujenga nyumba ya mganga, na yeye yuko kwenye kamati. Amesema hivi, nami nasema kama alivyosema: 'Mwambie binti yangu alete ule mchoro wake. Na asirudi nao mwenyewe, ana masomo. Autume.'"

Nilimwomba aseme tena. Alisema tena.

Nimekaa kitandani, chini ya dirisha pana la 4n, nimenakili mchoro wote kwa wino. Chini nimeandika urefu na upana, na kwamba n lazima igawanye zote mbili bila baki, la sivyo wasianze. Omary amesubiri akila viazi na wapishi. Mwishoni alichungulia juu ya bega langu akaniuliza mbona nimeacha mahali wazi pale juu, penye neno *inchi*. Nimesahau?

Sikusahau. Nimeacha nafasi. Baba ataijaza mwenyewe, kwa kuitazama kalibu yake.

Mvua inaendelea.